Miezi sita baada ya kisu

Tunduma ni mji wenye macho. Mwanamke mwenye mwili wake akipungua ghafla, watu hawamuulizi yeye, wanaulizana wenyewe kwa wenyewe, "Yule ana nini?" Sababu ipo. Tangu barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA zilipokatiza hapa, mji huu umekuwa mahali malori yanapolala na madereva wanapongoja karatasi zao, na katika miaka ile ambayo UKIMWI haukuwa na dawa, miji ya mpakani kama huu wetu ilizika vijana wengi mno. Kukonda kukabaki na tafsiri moja. Leo dawa za kufubaza virusi zipo, watu wanaishi, wanazaa, wanazeeka. Jicho lile bado halijafumba.

Ndiyo maana wifi yangu, mfanyabiashara wa vitenge ambaye akisimama mlangoni pa duka lake anaiona Nakonde, aliporudi kutoka India alikofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, aliwaambia majirani kwamba alikuwa amefuata mzigo. Tuliojua tulikuwa watatu tu: yeye, kaka yake ambaye ni mume wangu, na mimi. Hata mama mkwe hakuambiwa. Alikuwa amefikisha kilo 131. Magoti yamekataa, presha imepanda, sukari imeanza kunyemelea. Simlaumu kwa shauri alilokata. Nimewahi kulala naye chumba kimoja msibani, nikamsikia akikoroma hadi pumzi inakatika, nikawa nahesabu sekunde gizani nikiomba irudi.

Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya furaha tupu. Magauni yakapwaya, akayapeleka kwa fundi, yakapwaya tena. Mwezi wa nne, usiku baada ya harusi moja huko Mpemba, simu yangu ikalia. "Wifi, njoo. Kuna kitu kinanikamua ndani." Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kiganja kimegandamiza chini ya mbavu za kulia, jasho linamchuruzika. Maumivu, alisema, yanapanda mpaka begani. Yalidumu kama saa tatu, kisha yakaondoka yenyewe. Asubuhi akafungua duka kama kawaida.

Kilichofuata ndicho kilichonishikisha kalamu. Kwenye kituo kimoja cha afya aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa omeprazoli. Baada ya siku chache maumivu yakarudi. Akabadilishiwa dawa, akaongezewa na za kuua bakteria. Yakarudi tena, safari hii na kutapika. Mama mkwe akasema hiyo ni nyongo, akaleta chupa ya mitishamba michungu ya kuitapisha. Wifi alikunywa kwa heshima ya mama yake, akatapika mpaka akawa hajiwezi. Muda wote huo hakuna aliyemuuliza kama amewahi kufanyiwa upasuaji, naye hakusema. Siku weupe wa macho yake ulipogeuka manjano na mkojo ukawa kama chai ya rangi, tulimpakia kwenye gari tukaenda Mbeya. Aliyempima kwa ultrasaundi hakuhitaji hata dakika tano. Mfuko wa nyongo ulikuwa na mawe, na jiwe moja lilikuwa limetoka na kukwama kwenye mfereji.

Mama mkwe, kwa njia yake, alikuwa ameukaribia ukweli kuliko sisi sote.

Lugha yetu inaijua nyongo tangu zamani. Anayepasua mnyama hukikata kile kifuko cha kijani kwa uangalifu mkubwa, maana kikipasuka nyama yote inaharibika. Hapo ndipo tunapopata usemi kwamba mambo yametumbukia nyongo. Na mtu akiwa na homa na uchovu, kinywa kichungu, akatapika majimaji ya njano, wazee husema ana nyongo, kana kwamba nyongo yenyewe ni ugonjwa ulioingia mwilini na unaotakiwa kutolewa. Sivyo. Kila mmoja wetu anayo na anaihitaji. Ini huitengeneza usiku na mchana, kati ya nusu lita na lita moja kwa siku, na sehemu yake huhifadhiwa na kukolezwa kwenye mfuko mdogo uliojibana chini ya ini. Ukila chakula chenye mafuta, mfuko ule hujikamua, nyongo inateremka kwenye utumbo kuyavunja mafuta.

Ndani ya nyongo kuna lehemu, ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la kolesteroli. Haiyeyuki kwenye maji. Inabebwa na chumvi za nyongo na mafuta mengine maalumu, na uwezo wa kuibeba una kikomo. Anayefuga nyuki ataelewa haraka. Asali iliyobeba sukari kupita kiasi, ikiachwa chupani bila kuguswa, huanza kufanya chembe chini, chembe zikaungana, mwisho inakuwa ngumu. Sasa mtazame mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Mwili wake unayeyusha mafuta yaliyojilimbikiza kwa miaka, na lehemu iliyokuwa imelala humo inamwagwa kwenye nyongo kwa wingi. Wakati huohuo anakula kidogo sana, na mafuta kidogo zaidi, kwa hiyo mfuko wa nyongo haupati sababu ya kujikamua. Nyongo nzito, tena imetulia. Kwanza linatokea tope, kisha chembe, kisha mawe. Anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki ndiye aliye hatarini zaidi, na baada ya upasuaji huu kasi hiyo ni jambo la kawaida katika miezi ya mwanzo.

Haya si mambo mapya. Mwaka 1991 watafiti wa Virginia, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu waliofanyiwa upasuaji wa kuuruka utumbo, wakakuta asilimia 36 wamepata mawe, na wengi wao ndani ya miezi sita ya kwanza. Miaka miwili kabla ya hapo, utafiti mwingine wa Marekani uliwafuatilia watu 51 ambao hawakupasuliwa kabisa, walikula tu mlo wa kalori 500 kwa siku kwa wiki nane. Robo yao walitengeneza mawe. Kisu chenyewe, basi, si mhalifu. Ni kasi. Wengi wenye mawe hawaumwi kamwe, na hilo lazima lisemwe ili mtu asitishike bure. Lakini anayeumwa anaumwa kama wifi yangu, na jiwe likikwama mahali pabaya linaweza kuvimbisha kongosho, jambo linaloua.

Dawa ya kuzuia ipo. Inaitwa asidi ya ursodeoksikoliki, na historia yake inanigusa. Jina limetokana na neno la Kilatini la dubu, kwa kuwa ilitambuliwa kwenye nyongo ya dubu, na Wajapani waliichunguza na kuipa jina hilo miaka ya 1920. Siku hizi hutengenezwa viwandani, kwa sehemu kubwa kutokana na nyongo ya ng'ombe. Kile kifuko ambacho sisi tunakitupa machinjioni, kwingine ni mali ghafi ya kidonge cha kumlinda binadamu na mawe ya nyongo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walionesha kwamba kati ya waliomeza miligramu 600 kila siku kwa miezi sita baada ya upasuaji, waliopata mawe walikuwa asilimia 2 tu, huku kati ya waliopewa vidonge visivyo na dawa wakiwa asilimia 32. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa 985, ulihesabu kwa namna nyingine, yaani ni wangapi waliougua hasa kwa sababu ya mawe katika miaka miwili. Waliopewa dawa walikuwa asilimia 6.5, wasiopewa asilimia 9.7. Nafuu ilikuwa ndogo kuliko ile ya 1995, na ilionekana zaidi kwa waliorukishwa utumbo kuliko kwa waliopunguzwa mfuko wa chakula. Kwa hiyo daktari ana haki ya kupima nani aipate. Mgonjwa naye ana haki ya kujua kwamba ipo, na kwamba kazi yake ni ya miezi, si ya wiki.

Wifi yangu alipewa ya mwezi mmoja. Ilikuwa kwenye mfuko pamoja na vitamini, na karatasi iliyoandikwa Kiingereza chenye vifupisho. Ilipokwisha alijua imekwisha kama vitamini zinavyokwisha. Alinunua vitamini nyingine Tunduma, na hiyo moja hakuitafuta kwa kuwa hakuna aliyemwambia ni ya kazi gani.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Upasuaji wa kupunguza uzito hauishi siku mgonjwa anapotoka wodini. Kwa upande wa nyongo, miezi ya hatari ndiyo kwanza inaanza, na miezi hiyo mgonjwa wa mkoa wetu wa Songwe anaishi Songwe.

Wanaoufuata upasuaji huu si watu wa nje tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, miaka hii ya karibuni imekuwa ikiweka puto tumboni na kufanya upasuaji wa kupunguza uzito hapahapa nchini. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, aliwafanya Watanzania wabishane kuhusu wanga, sukari na kitambi kuanzia vijiwe vya kahawa hadi makanisani. Takwimu zilikuwa upande wake. Mwaka 2004 hadi 2005 wanawake wenye umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi walikuwa asilimia 18. Utafiti wa 2015 hadi 2016 ukawakuta asilimia 28. Nafurahi kwamba huduma imekuja nyumbani. Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam, hata hivyo, ni zaidi ya kilomita 900, safari ya basi ya siku nzima na zaidi, na ukitaka ndege unaanza kwa kusafiri mpaka uwanja wa Songwe, ambao pamoja na jina lake uko Mkoa wa Mbeya. Aliyekushona yuko mbali sana siku utakapokaa sakafuni usiku umeshika mbavu.

Najua swali litakaloulizwa, tena na watu ninaowaheshimu. Mkoa ambao karibu theluthi moja ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa unawezaje kujadili upasuaji wa wanene? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, kwa sababu nimefanya kazi ya kujitolea kwenye kliniki za watoto na nimeona mikono ilivyo myembamba. Jibu langu ni kwamba hao ni watu wa nyumba moja. Nyumba inayompa mtoto uji mtupu wa mahindi ndiyo inayomlea mama kwa ugali mkubwa, chipsi na soda, kwa kuwa hivyo ndivyo vya bei nafuu na ndivyo vinavyouzwa usiku kando ya foleni ya malori. Na mtoto aliyedumaa akikua, mwili wake huwa mwepesi zaidi kujaa mafuta tumboni na kupata kisukari. Anayetaka tuchague kati ya wawili hawa anatutaka tugawe familia.

Basi nini kifanyike? Ningeanza na barua. Mgonjwa anayeruhusiwa, awe ametoka Mloganzila au ng'ambo, arudi na karatasi ya Kiswahili inayosema amefanyiwa nini hasa. Mtaani tunasema "amekatwa utumbo", na usemi huo unapotosha. Upasuaji mmoja huondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kama robo tatu au zaidi, na utumbo hauguswi. Mwingine huunganisha mfuko mdogo wa chakula na utumbo wa mbali, chakula kikaruka njia ya kawaida. Tofauti hiyo ni kubwa siku jiwe linapokwama. Njia iliyozoeleka ya kulitoa ni kupitisha kamera mdomoni, ishuke mpaka mlango wa mfereji wa nyongo. Kwa aliyerukishwa utumbo njia hiyo haifiki kirahisi, inahitaji mbinu nyingine na mikono mizoefu. Wifi yangu bahati yake ilikuwa kwamba alipunguzwa mfuko wa chakula tu. Jiwe lilitolewa kwa kamera katika hospitali kubwa tuliyopelekwa kwa rufaa, na siku chache baadaye mfuko wa nyongo ukaondolewa kwa upasuaji wa matundu madogo. Daktari aliyempokea, alipoambiwa hatimaye historia yote, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Dada, kwa nini hukusema mapema?" Wifi akanitazama mimi. Mimi nikatazama chini.

Barua hiyo itaje na dawa kwa jina, na itoke pamoja na vidonge vya miezi yote iliyokusudiwa, si vya mwezi mmoja kwa matumaini kwamba duka la dawa la Tunduma litakuwa navyo. Itaje tarehe ya kupimwa ultrasaundi. Kipimo hiki hakimhitaji mtu kurudi Dar. Kinafanyika hapahapa mkoani, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Vwawa, na ya kanda iko Mbeya mjini. Akina mama wajawazito wanapimwa kila siku kwa mashine hiyohiyo. Kinachokosekana ni mtu wa kusema: mpime huyu mwezi wa sita, mwangalie nyongo.

Na kwenye vituo vyetu vya afya, naomba swali moja. Mtu akija na maumivu ya juu ya tumbo yanayokuja baada ya kula mafuta, yanayodumu nusu saa au saa kadhaa, yanayopanda bega la kulia au mgongoni, aulizwe: umepungua kilo ngapi mwaka huu, na umepunguaje? Vidonda vya tumbo vipo, tena vingi, simbishii mtaalamu yeyote. Ila jina hilo limekuwa kapu ambalo kila maumivu ya tumbo yanatupwa humo, na omeprazoli imekuwa rahisi kununua kama pipi. Mwenye homa na maumivu hayo, au aliyegeuka manjano, asiandikiwe hata kidonge kimoja cha vidonda, apandishwe gari.

Swali hilo litawasaidia hata ambao hawatakanyaga chumba cha upasuaji. Sindano za kupunguza uzito, zile zenye semaglutaidi, zinapata jina duniani kote. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo la ugonjwa wa mfuko wa nyongo kwenye maelezo ya dawa za kundi hilo mwaka 2022. Katika utafiti mkubwa wa mwanzo, waliopata matatizo ya mfuko wa nyongo walikuwa asilimia 2.6 kwa waliochoma dawa na 1.2 kwa wasiochoma. Ni wachache. Lakini mpaka wetu ni mpaka wa biashara, na kinachotafutwa hufika, mara nyingi bila daktari. Wapo pia wanaofunga siku nyingi mfululizo, au kunywa maji ya ndimu na supu ya kabichi mwezi mzima ili wavae gauni la harusi. Mfuko wa nyongo haujui kama umepungua kwa kisu, kwa sindano au kwa kabichi. Kwa wanaopungua kwa mlo, uchunguzi umeonesha kwamba hata mafuta kidogo, kama gramu 10 katika mlo mmoja wa siku, huufanya ujikamue, na hapa kwetu, ambako parachichi huoza chini ya mti, gramu hizo si anasa. Aliye na mawe tayari ana habari nyingine; yeye mafuta humuamsha usiku, na asishike ushauri wangu, ashike wa daktari wake.

Nimebaki na jambo ambalo hakuna daktari atakayelitibu. Wifi yangu aliumwa wiki saba kabla ya kusema. Alijua maumivu yanaweza kuhusiana na upasuaji, alikiri kwangu baadaye. Lakini kusema kungemaanisha karatasi yake ya kliniki kupita mikononi mwa watu, mmoja wao akiwa mteja wake, na kesho yake mtaa mzima una habari. Akapima: maumivu, au maneno? Akachagua maumivu. Nami niliyejua nilimtunzia siri nikidhani ndiyo mapenzi. Nilikaa naye kwenye benchi la kituo kile, mhudumu akauliza kuna tatizo lolote la nyuma, nikamsikia wifi akijibu hapana, nikanyamaza.

Mama mkwe aliambiwa akiwa kando ya kitanda hospitalini. Tulitegemea hasira. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, kwa nini uliniachia nikupe dawa ya kutapika?" Akalia, wakalia wote wawili.

Siku hizi duka la vitenge lina wageni wa aina mbili. Wapo wa kununua, na wapo wanaokuja jioni wakati wa kufunga, wanachagua kitambaa bila kukiangalia, mpaka mteja wa mwisho atoke. Wiki iliyopita alikuwa mama mmoja wa ng'ambo ile ya mpaka, mwili mkubwa, anahema kwa kupanda ngazi tatu. Ana tarehe ya upasuaji mwezi ujao. Wifi alimvutia kiti. Alichana kipande cha karatasi ya kufungia bidhaa, akaandika jina la ile dawa kwa herufi kubwa, silabi kwa silabi, akamwambia asikubali kuondoka hospitalini bila kujua kama inamhusu. Kisha akaichukua kalenda ukutani, wakahesabu pamoja kwa vidole kuanzia tarehe ya upasuaji, mwezi hadi mwezi, wakafika wa sita. Akauzungushia duara.